Mji wa Mwisho Aliotoa Doto

Doto analala mchana, saa tisa, jua likiwa kali juu ya bati, na halali kitandani kwake wala mkekani bali ndani ya bonde la mwili wa mtu mwingine. Godoro ni la Kulwa, pacha wake, aliyezikwa siku thelathini na tisa zilizopita. Ni godoro la sufi ambalo Doto mwenyewe alilishona, kwa kuwa kushona magodoro ndiyo kazi yake hapa Nzega, na Kulwa alililalia miaka kumi na minne mpaka sufi ikashindiliwa na kuacha umbo lake, bega hapa, nyonga pale, magoti yaliyokunjwa. Asubuhi Nyamizi, binti pekee wa Kulwa, alilileta kwa guta la kubebea mizigo, akalishusha mlangoni, akasema huku akiutazama mwimo wa mlango, Lifumuliwe, itoke mito, wageni wa arobaini kesho wapate pa kulaza vichwa. Hakusema mama mdogo, kama alivyozoea tangu alipojua kusema. Tangu mazishi hamwiti chochote na hamtazami usoni, naye Doto hamlaumu, maana hata yeye amekifunika kioo cha chumbani kwa kanga. Uso alionao ni uso wa marehemu. Watu waliokuja kutoa pole walishtuka walipomwona akitoka jikoni, mmoja akasahau pole yake mdomoni, na siku zote hizi Doto amekuwa kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa hai. Amechoka. Ameshika shazia, ile sindano nene ya magodoro, na hajafumua hata mshono mmoja. Anajisemea, ngoja nijinyooshe kidogo tu. Anajilaza, na lile bonde linampokea, ila kinyumenyume, kwa sababu Kulwa alilalia ubavu wa kushoto naye hulalia wa kulia, Kulwa aliandika kwa kushoto naye hushona kwa kulia, tangu tumboni walikuwa kama mtu na kivuli chake cha kiooni. Basi inambidi ageuke, kisha ageuke tena, na katika kugeuka mara ya pili sufi inamziba masikio, bati linaacha kutatarika kwa joto, na godoro halina chini tena.

Yuko njiani. Njia ni nyeupe na laini, inakanyagika kama sufi, na kando zake hakuna shamba wala kichaka wala mtu, kuna giza tu lenye nyota chache zilizokaa mbalimbali kama watu waliokosana. Mbele yake, si mbali, anamwona Kulwa kwa mgongo, na gauni lake la bluu la kwendea shule, madaftari chini ya kwapa la kushoto. Kulwa alifundisha fizikia miaka thelathini. Jioni alipotoka kazini alikuwa akipita kwa Doto, anakaa juu ya rundo la sufi na viatu vyake vyenye vumbi, anasema, Kila kitu kinaachana na kila kitu, Doto, makundi ya nyota yanaachana, na si kwamba yanakimbia, ni nafasi yenyewe inayoumuka, kama unga uliotiwa hamira. Na Doto alikuwa akijibu, Mimi nina mito sita ya kumaliza. Sasa anamwita, Kulwa! na Kulwa hageuki. Doto anaongeza mwendo, anapiga hatua ishirini, hamsini, mia, anahesabu mpaka hesabu inamchosha kuliko kutembea, na kila akiinua macho mgongo ule wa bluu umekuwa mdogo zaidi, ingawa Kulwa amesimama, hajainua hata kisigino. Kando ya njia kuna mawe ya kuonyesha maili, na Doto anaona kwa macho yake jinsi kati ya jiwe na jiwe linavyochipua jiwe jingine.

Juu ya mojawapo ya mawe hayo amekaa mtu aliyevaa koti refu, amepachika mguu juu ya mguu, na uso wake hauna jicho wala pua wala mdomo, ni laini kama yai lililochemshwa likamenywa. Doto haogopi. Kuoga kila siku, kupika kila siku, kulia kila siku kumemmalizia nguvu za kuogopa. Mtu yule anasema, na sauti haijulikani inatokea wapi, Kitendawili. Doto anajibu kwa mazoea ya utotoni, Tega. Mtu anasema, Nikimfuata anakuwa mbali, naye hajainua mguu. Doto anasema, Kivuli. Sicho. Mlima? Sio. Basi nipe mji, anasema mtu yule, kama watoto wanavyodaiana mji kila kitendawili kinapowashinda. Nimekupa Igunga, Doto anasema, maana Igunga huenda mara moja kwa mwaka kununua sufi, haimuumi. Lakini mji kweli unainuka kutoka gizani, pamoja na soko lake na stendi yake na mbwa wake, unakunjika kama kanga, mara mbili, mara nne, na mtu yule anautia kwapani. Halafu anatoa jibu. Si yeye anayekwenda, anasema, wala si wewe unayechelewa. Ni njia inayozaa njia. Doto anauliza, Sasa nitamfikiaje? Kwa miguu hiyo humfikii, mtu anasema, ukitoa hatua moja njia inatoa mbili. Lakini kuna siku njia hii yote ilikuwa fupi kuliko shazia yako. Siku gani hiyo? Siku ya kwanza. Vyote vilikuwa pamoja siku hiyo, hakuna aliyekuwa mbali na mwenzake. Nipeleke huko, Doto anasema, upesi kama mtu aliyeonyeshwa kivuli katikati ya jua. Kule hakuna miji, mtu anasema, itakubidi uitoe yote. Doto anatikisa kichwa, ana miji mingapi yeye? Ichukue, anasema, nimechoka kuibeba.

Wanarudi nyuma, si kwa kugeuka bali kwa kutembea kinyumenyume, na mawe yanaanza kumezana, jiwe linarudi ndani ya jiwe, na nyota zinasogeleana kama kuku wanaoingia bandani, na mbingu inashuka, na hewa iliyokuwa baridi inapata uvuguvugu. Wanapita katikati ya mji. Doto anautambua kuwa ni Tabora, ila kuta zake zote ni vioo, maandishi ya maduka yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, na watu wasio na nyuso wanapishana, anayesema marahaba anatangulia na shikamoo inamfuata nyuma. Katika kila ukuta yumo Kulwa. Doto akiinua mkono wa kulia, Kulwa mia moja wanainua wa kushoto. Akifungua mdomo, wanafungua mdomo. Na hapa hakuna kanga inayotosha kuwafunika wote. Doto anauliza, Huyu ni yeye au ni mimi? Mtu wa koti anasema, Kitendawili. Tega. Nyumba yangu haina mlango, na haina nje. Doto anadakia, Yai! kama alivyodakia akiwa na miaka sita, akimwahi Kulwa. Yai lina nje, mtu anasema, kuku yuko nje. Nipe mji. Doto anatazama pande zote. Tabora ndiko walikozaliwa, Kulwa mbele, yeye nyuma kwa dakika kumi. Ndiko Kulwa alikosomea ualimu na Doto akajifunza uzi. Nimekupa Tabora, anasema, na vioo vinakunjika kimoja juu ya kingine bila kuvunjika, na Kulwa wote mia moja wanalaliana mpaka anabaki mmoja, mwembamba kama karatasi, naye anaingia kwapani mwa koti. Jibu ni haya yote, mtu anasema. Kila kilichopo kimo ndani, hakuna nje ya kusimama ukakitazama. Basi mwanzo uko upande gani, Doto anauliza, nielekee wapi? Hapo unapouliza, mtu anasema. Na kule ulikotoka. Hakuna kitongoji ambacho hakikuwa mwanzo.

Wanaendelea, na joto linapanda, kwanza kama jikoni, kisha kama ndani ya tanuri, ingawa Doto haungui, anachoka tu zaidi, na giza lote linageuka jekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu jeupe, mpaka wanaingia katika ukungu wa mwanga. Mwanga umejaa na hauonyeshi kitu. Kila mwali ukipiga hatua unagongana na kitu na kurudishwa, kama watu waliobanana mlangoni kila mmoja akitaka kutoka kwanza. Doto hauoni hata mkono wake. Sauti ya mtu wa koti inasema karibu na sikio, Kitendawili. Tega, Doto anasema kwa pumzi ya mwisho. Tulizaliwa wawili wawili, tukakumbatiana, tukawa mwanga. Mmoja akakosa wa kumkumbatia, naye ndiye mama wa mawe. Doto hakisii. Hata hajaribu. Nipe mji. Nimebakiwa na Nzega peke yake, anasema. Basi nipe hiyo. Na ukungu unapasuka kidogo kama pazia, Doto anaiona Nzega, ndogo, chini kabisa, anauona ua wa Kulwa, na katika ua Nyamizi ameketi kwenye kigoda na ungo mapajani, anachagua mchele wa arobaini, anatoa chuya moja moja na kuitupa kando, mabega yameanguka. Doto anamtazama kwa urefu wa pumzi moja. Anataka kusema ngoja. Lakini anakumbuka yale macho yaliyotazama mwimo wa mlango, anasikia uzito wa siku zote zile magotini, na anasema, Nimekupa Nzega, kwa sauti ya mtu anayetua ndoo aliyoibeba kupita kiasi. Mji unakunjwa na ungo wake na mchele wake. Safari hii mtu hatoi jibu. Jibu utalikuta, anasema, na kwa mara ya kwanza anamwacha aende peke yake.

Ni padogo pale, ni padogo kuliko neno padogo, na ndani yake vimo vyote. Hakuna juu, hakuna kesho, kuna joto tu, na katika joto mwanga unapasuka na kuzaa mapacha. Doto anawaona. Wanatoka wawili wawili, wanaofanana kila kitu ila wamegeuziana mikono, huyu wa kulia huyu wa kushoto, na hawajamaliza kutazamana wanakimbiliana, wanakumbatiana, na wote wawili wanakuwa mwanga tena, na mwanga unazaa wengine, nao wanakumbatiana, maelfu kwa maelfu, bila sauti na bila majuto. Na katikati yao, na gauni lake la bluu, amesimama Kulwa, safari hii amegeuka. Umechelewa, Kulwa anasema. Njia ilikuwa inarefuka, Doto anasema. Nilikwambia miaka yote, ukaniambia una mito sita. Wanacheka, kicheko kifupi, cha watu ambao hawajalala. Nimekuja tukae wote, Doto anasema. Kulwa ananyoosha mkono wa kushoto, Doto anainua wa kulia, na kati ya vidole vyao haitoshi kupita hata unywele mmoja wa sufi. Hapo Kulwa anauliza, kama anavyouliza mtu aliyekumbuka chungu motoni, Nyamizi umemwachia nani?

Nimetoa mji, Doto anasema. Mji upi? Nzega. Nyamizi akiwa ndani? Doto, Kulwa anasema, kwa ile sauti ya kuita jina darasani. Hataki kuniona, Kulwa! Doto analipuka. Nikiingia anatoka. Mtoto niliyembeba mgongoni ananipa maneno kwa kuutazama mlango. Uso huu unamuumiza, na mimi nimechoka kuubeba, ni wako, siyo wangu tena, nifanye nao nini? Kulwa anamsikiliza mpaka mwisho. Najua, anasema. Na mimi nimekukosa, usidhani huku kuna raha. Sikunyimi mkono, huu hapa. Ukinishika tutapumzika wote wawili, haitachukua hata muda wa kupepesa. Ila hutakuwapo tena, wala mimi, kutabaki mwanga tu, na mwanga hauna mtoto. Imebaki hatua moja. Doto anaitaka hatua hiyo kuliko alivyowahi kutaka maji. Anauamuru mguu, na mguu hauinuki. Si kwamba amekataa. Baadaye hataweza kusema kwamba alikataa. Ni magoti. Ni siku thelathini na tisa za kusimama kwenye moto wa kupikia watu wengi, na njia yote ile nyeupe. Naomba nikae kidogo kwanza, anasema, nikivuta pumzi nitakuja. Na Kulwa, aliyemtangulia dakika kumi na kumpa ruhusa maisha yake yote, anasema, Kaa, mdogo wangu. Kaa upumzike.

Doto anakaa. Anavuta pumzi moja, na katika pumzi hiyo lile joto kuu linapoteza ukali wake, kidogo tu, kama sufuria iliyoepuliwa. Mwanga unajaribu kuzaa mapacha na hauna nguvu tena. Waliokuwapo wanamaliza kukumbatiana, mamilioni ya mamilioni, wanakwisha, na kunakuwa kimya. Doto anatazama. Hapa na pale, katika kila jozi bilioni moja zilizotoweka, amebaki mmoja, asiye na mwenzake, amekaa hivyohivyo kama yeye, haelewi kwa nini ameachwa. Anainuka ghafla, ananyoosha mkono, na Kulwa yuko mbali. Hajapiga hatua. Kati yao limechipua jiwe, na kati ya jiwe na Kulwa lingine. Hilo ndilo jibu lako! Kulwa anapaza sauti, na anacheka na machozi yanamtoka, mama wa mawe ni wewe! Ni nyie mliobaki, vyote vitatoka kwenu! Doto anaita jina lake, anaita mpaka gauni la bluu linakuwa jekundu kwa umbali, na wekundu wenyewe unafifia. Hapo ndipo analia, si kama alivyolia mbele ya wageni, analia vibaya, kamasi zikimtoka, mpaka machozi yanakwisha.

Hao waliobaki hawajui la kufanya. Wanatangatanga, wanagusana, mwishowe wanakaa watatu watatu kama mafiga, na Doto akijaribu kumvuta mmoja, wale wawili wanamng'ang'ania zaidi kadiri anavyovuta, basi anawaacha. Baadhi ya mafiga yanaungana, kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai, kisha moto unapungua na mapishi yanakoma, na mengi yanabaki kama yalivyo. Halafu ni ukungu tena, miaka na miaka ya ukungu, na Doto anatembea ndani yake hana wa kumwuliza kitu, amechoka lakini uchovu wake sasa ni wa mtu anayekwenda nyumbani kwa miguu. Kuna vitu vidogovidogo vinavyokimbia ovyo na kuuzuia mwanga usipite, navyo vinachoka. Kimoja kinatulia kwenye figa, cha pili kwenye jingine, kila kimoja kinapata pa kuota moto, na siku ambayo cha mwisho kimetulia mwanga unakuta mlango uko wazi. Unampita Doto pande zote bila kumgusa, na kwa mara ya kwanza anaona mbali. Anakumbuka Kulwa akimwambia kwamba mwanga huo haujafika mwisho hadi leo, umepoa tu, na baadhi yake ilikuwemo katika zile chenga za televisheni za zamani usiku stesheni zilipofungwa. Baada yake linakuja giza, na katika giza vumbi linavuta vumbi, linasokotwa nyuzi ndefu kama sufi kwenye vidole, na nyuzi zinapokutana panakuwa na donge, donge linajikandamiza, linapata joto, linawaka. Hapo anamkuta mtu wa koti amekaa juu ya jiwe kama mwanzo. Chukua miji yako, anasema. Nilikupa, Doto anasema. Kitendawili cha mwisho hakikukushinda, wewe ndiwe jibu lake, nacho kinakomboa miji yote, mtu anasema, na anakung'uta Igunga, anakung'uta Tabora, zinakwenda kukaa mahali pake. Nzega anaikunjua polepole, na Doto anaona kwamba kanga ile ina pande mbili zinazofanana. Upande wa mbele ni upi? anauliza. Upande mmoja aliyezikwa ni Kulwa, na upande wa pili je, ni mimi? Sijui, anasema mtu yule asiye na uso. Mimi sina macho. Ingia.

Anaingia. Kuna bati juu yake linalotatarika kwa joto, kuna vumbi la sufi linaelea kwenye mwanga wa mlangoni, na kuna mtu amesimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake, uso wake hauonekani. Mwili uliolala unauma kila mahali. Bonde la godoro limemshika vizuri, hakuna mahali linapombana, na hakumbuki kama alipojilaza lilimkaa hivyo. Anatafuta jina lake angalau alishike, yanakuja mawili kwa pamoja, na hajui katika ulimwengu huu ni nani anayefanyiwa arobaini kesho. Mtu wa mlangoni anasema, Mama. Hasemi mama mdogo, hasemi mama mkubwa. Sauti ni ya Nyamizi, imekauka kama sauti ya mtu aliyesimama pale kitambo akimtazama aliyelala, akimtazama usoni. Mama, umelala? Aliyelala angeweza kuuliza, mama yupi? Amechoka mno kuuliza, na anaona kwamba anayeita naye amechoka mno kueleza. Abee, anasema. Nyamizi anavua ndala mlangoni, anaingia, anakaa ukingoni mwa godoro bila neno, kisha anajilaza kama alivyo na nguo zake za jikoni, na sufi inabonyea chini ya uzito wake, inawateremsha wote wawili, polepole, mmoja upande wa mwenzake.